Marejesho ya Mama Lugano

Siku mliponiaga mlinipa vitenge viwili na saa ya ukutani, kisha mkanishikisha kipaza sauti mkasema, mama, neno moja kwa vijana. Nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Mkapiga makofi mkidhani nimezidiwa na furaha. Haikuwa furaha. Neno nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu na pilau ilikuwa inapoa. Sasa nimekaa hapa kwangu Kawetele, mvua haijakatika tangu asubuhi, saa yenu imeshasimama, basi acha niliandike.

Sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Hayo mkiyajua mtasikitika bure.

Nilianza kazi nikiwa binti, kwenye chumba cha kuunganisha simu hapa Tukuyu. Enzi hizo mtu akitaka kuongea na ndugu yake wa mbali anamwambia dada wa simu, na dada wa simu anachomeka waya. Mle chumbani nilijifunza kusikiliza bila kuonekana nasikiliza. Mitambo ilipobadilishwa wakatupunguza. Nikauza maziwa, nikauza ndizi, nikalea. Watoto walipokuwa wakubwa nikaenda kujifunza kompyuta, nikikaa dawati moja na wasichana walioniita bibi. Ndipo nikasikia kampuni moja ya karata za mtandaoni imefungua ofisi ya huduma kwa wateja Mbeya na inamtafuta mtu anayejua Kinyakyusa. Nikaomba. Kanisani nilisema nimepata kazi ya mtandao, na huo haukuwa uongo.

Siku ya kwanza nilivaa suti ya kanisani. Nikakuta wenzangu wamevaa jinzi, wote wamejifunga vile vya masikioni vyenye mkono wa kuongelea, kila mtu anaongea peke yake kama wagonjwa wa homa. Nikakabidhiwa kwa Bi Sekela. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mwanamke mfupi, karani wa benki wa zamani, mwenye sweta la kijani la misimu yote. Akanikalisha, akanivalisha vile vya masikioni kwa mikono yake kama anayemvalisha mtoto kofia, akaniambia nisikilize simu zake mpaka atakaponiruhusu. Nilisikiliza wiki nzima. Nilipomuuliza kwa nini simu zake zinachukua muda mrefu kuliko za wengine, alisema mteja hafungui mlango kwa swali lake. Swali la kwanza ni la kubisha hodi, la pili ni la kukaa, la tatu ndilo lililomleta. Ukijibu la kwanza ukakata simu, umemwacha mtu mlangoni.

Bi Sekela ameshatangulia. Tulimzika kwao Kyela, na sweta lile alizikwa nalo.

Kwa mtu ambaye si wa kazi yetu, nieleze kidogo. Poka ni karata za watu kadhaa kwenye meza moja, na hii ya mtandaoni meza yenyewe iko ndani ya simu. Wachezaji wanaweka pesa katikati, mmoja anazoa. Kampuni haichezi. Kampuni inakata kidogo katika kila fungu linalozolewa, na hicho kidogo sisi tulikiita kato. Mishahara yetu, kodi ya ofisi na soda za Ijumaa, vyote vilitoka kwenye kato.

Ili mtu asihamie kwa jirani, anabembelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni pointi. Kadiri unavyokatwa ndivyo unavyoandikiwa pointi, zikijaa unapanda daraja, na ukitaka unazibadilisha na vitu: simu, taa ya sola, vocha ya duka la vifaa vya ujenzi. Ya pili ni mpango wa kurudishiwa sehemu ya kato kila wiki. Huo huupati hivi hivi, unaingizwa na wakala, naye anakula chake. Wakubwa wa Dar es Salaam waliutafutia jina la Kiswahili, wakauita marejesho.

Wengi walidhani wanaweza kula huku na huku. Niliwaeleza kwa ng'ombe, maana huku kwetu Rungwe kila mtu anaelewa ng'ombe. Ni ng'ombe mmoja huyo huyo. Ukimkamua asubuhi mpaka tone la mwisho, jioni ndama anyonye nini? Anayepokea marejesho ama haandikiwi pointi kabisa, ama anaandikiwa na thamani yake inapunguzwa kwenye kile anachorudishiwa. Mtu wa meza ndogo, mvumilivu, aliyekwisha kupanda daraja, pointi zilimfaa kuliko marejesho. Mtu wa meza kubwa asiye na subira, bora marejesho. Na ukihama, pointi zako za zamani unapewa muda wa kuzitumia, na muda ukipita zinafutwa. Haya yote yameandikwa kwenye masharti, kule ambako kidole kinapita mbio kwenda kubonyeza nakubali.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo neno langu linapoanzia. Zile pointi kule Dar walizipa jina la heshima, bonasi ya uaminifu. Huku kwetu bonasi ni neno la chai. Mkulima anapeleka majani kituoni, analipwa bei ya kwanza, halafu msimu ukiisha na kiwanda kikishauza kinatoa malipo ya pili. Hiyo ndiyo bonasi. Ni jasho lako, limetunzwa tu. Huendi kuidai, inatangazwa, na wewe unasubiri na mfuko wako. Kwa hiyo wateja wetu wa Kyimo na huku Kawetele waliziacha pointi zao zirundikane bila kuzigusa. Wakinipigia simu wanauliza, bonasi inatoka lini. Vijana wa Dar walipoona pointi za Rungwe zimelala, waliandika kwenye ripoti kwamba watu wa Rungwe ni waaminifu kuliko wote nchini, na tukatumiwa keki. Mimi niliwaeleza wateja mmoja mmoja kwamba hii haitangazwi, inachukuliwa. Wengine walielewa. Wengine waliniona kama mtu anayewashauri kula mbegu ya kupanda.

Baadaye kampuni ilifungua kituo kidogo hapa Tukuyu, upande wa Makandana karibu na hospitali, nikahamishiwa. Chumba kimoja, meza moja, kompyuta moja, na benchi ambalo wagonjwa waliotoka hospitali walikuja kupumzikia wakidhani ni la umma. Sikuwafukuza. Hapo ndipo nilipomfahamu Mzee Ambilikile.

Alikuwa mkulima wa chai wa Kyimo na mzee wa kanisa. Alikuja mara ya kwanza na mabuti ya mvua na mwavuli mweusi, akakaa kwenye benchi na wagonjwa mpaka walipoondoka, ndipo akasogea. Aliuliza habari za mtandao unavyosumbua. Halafu akauliza kama jina la mchezaji linaweza kuonekana na watu. La tatu, aliuliza bonasi inatoka lini. Nikamwomba nifungue akaunti yake, akakubali, nikafungua. Alikuwa mchezaji wa meza za chini kabisa, wa kungoja. Anakaa mchana mzima wa mvua anatupa karata mbaya, anasubiri nzuri, anashinda kidogo, anapoteza kidogo. Pointi zake zilikuwa nyingi. Nilimwambia, mzee, hizi zinatosha vocha ya duka la ujenzi, na ukiongeza kidogo utapata na ya pili. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Ndipo akaniambia habari za Lugano. Alikuwa binti yao wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, aliumwa muda mrefu akafia mikononi mwa mama yake. Walimzika nyuma ya nyumba kama desturi, na kaburi lilikuwa bado udongo mtupu. Nanyi mnajua kwetu kaburi la udongo linasema nini juu ya wazazi. Mvua ikinyesha linatitia, mama anatoka na jembe kurudishia udongo, majirani wanaona. Mama yake alikuwa ameacha kula sawasawa mpaka kaburi lijengwe. Mzee alikuwa amemwahidi kwamba bonasi ikitoka watajenga, kwa saruji na vigae vyeupe. Mkewe alidhani ni bonasi ya chai. Mzee alimaanisha hii ya kwetu, maana ya chai siku hizo ilikuwa haijazi hata kiganja. Hakuweza kumwambia anacheza karata, yeye anayeshika sahani ya sadaka.

Nikamshauri achukue vocha yake siku ile ile. Akafikiri, akasema angojee kidogo zifike za vigae pia, asije akajenga nusu. Akanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, akafungua mwavuli akaenda.

Kabla hazijafika akaja wakala. Kijana mwenye pikipiki na fulana yenye nembo, akazunguka vijiweni kuanzia Tukuyu mpaka Kyimo akiandikisha watu kwenye marejesho. Simlaumu sana, alikuwa anatafuta ugali kama mimi. Aliwaambia watarudishiwa kila wiki na wala hawatapoteza kitu. Mzee Ambilikile akampa simu yake, kijana akabonyeza nakubali kwa niaba yake, na pointi zikaanza kuhesabiwa siku za kuishi. Taarifa alitumiwa. Ilisema bonasi yako itakoma usipoichukua. Yeye alisoma bonasi yako, akajua ipo, akaendelea kungoja msimu.

Miezi michache baadaye akaingia ofisini mwanamke wa makamo yangu au zaidi kidogo, mwembamba, kitenge kimefungwa hadi kifuani kwa baridi. Akasema yeye ni mke wa Ambilikile wa Kyimo. Akasema amekuja kuulizia marejesho ya mzee.

Lazima mjue kwamba wake za wateja walikuja sana kwenye ile meza, na wote walitaka jambo moja, kujua mume anapata nini na kinaenda wapi. Nao niliwajibu kama tulivyofundishwa. Nikamwambia kwa upole kwamba mambo ya akaunti ni siri ya mwenye akaunti, na kwamba marejesho yanapitia kwenye simu tu, hapa hatushiki pesa. Akaitikia kwa kichwa. Akasema ameelewa, na kwamba mzee asijue kuwa alikuja. Nikasema hatajua. Akanishukuru akaondoka. Tuliachana tumeelewana kabisa, kila mmoja na lake.

Mama Lugano alikuwa mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa pale Kyimo. Kwenye kikundi wanakutana kila wiki, na neno linalosemwa kuliko jina la Mungu ni marejesho. Marejesho ni kile unachorudisha ulichokopa. Asiyeleta marejesho anafuatwa nyumbani, anatolewa kochi na sufuria. Siku moja simu ya mzee ilikuwa mezani ikaingia ujumbe: ndugu mteja, marejesho yako ya wiki ni kadhaa, asante kwa uaminifu wako. Chini yake kulikuwa na namba ya kampuni ya kuwekea pesa na namba ya akaunti. Akausoma. Akajua mumewe amekopa. Akajua na sababu, maana Lugano aliuguzwa kwa gharama na mzee hakuwahi kusema pesa alizitoa wapi. Hakumuuliza. Aliona mume wake amebeba deni la mtoto wao peke yake, kwa aibu, naye akaamua kumsaidia kulibeba bila kumwaibisha. Alipokuja kwangu alikuja kuuliza deni linalipwa wapi. Nami nikamwambia linapitia kwenye simu.

Kwa hiyo kila wiki Mama Lugano alitoka nyumbani na maziwa au ndizi, akauza, akajazia kwa akiba yake ya kikundini, akaenda kwa wakala wa pesa za simu, akatuma kwenye namba ile. Kwenye mashine yetu pesa ya namna hiyo haina swali. Inaingia kwenye akaunti ya mchezaji kama pesa ya kuchezea. Mzee anafungua simu, anakuta salio limeongezeka, anasema kumbe marejesho ni kitu kizuri. Alipata moyo. Akapanda kutoka meza za chini kwenda za kati, mahali ambapo watu hawangoji mvua iishe. Pesa zikaisha kule. Wiki iliyofuata salio likajaa tena. Kila alipocheza alikatwa, na sehemu ndogo ya lile kato ikarudi kwake kama marejesho ya kweli, na ujumbe ukaingia tena, na mkewe akausoma tena.

Mimi haya yote sikuyajua. Niliyajua siku mzee alipokuja kulalamika.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, magari yamewasha taa. Alikaa moja kwa moja mbele yangu, hakungoja wagonjwa waondoke. Akasema kampuni imebadilika, zamani ilikuwa inampa vizuri, sasa wiki ya pili hii anapewa ya kununulia chumvi. Nikafungua kurasa mbili kwa pamoja, ule wa pointi na ule wa pesa zinazoingia na kutoka, kama Bi Sekela alivyonifundisha, maana ukifungua mmoja unaona nusu ya mtu. Ukurasa wa pointi ulikuwa sifuri. Nikahamia wa pili. Marejesho yake yote tangu mwanzo yalikuwa ya kununulia chumvi. Pesa zilizobaki ziliingia kutoka namba nyingine, na mbele ya ile namba kulikuwa na jina.

Nikamuuliza, "Mzee, Tumpe ni nani kwako?"

"Ndiye mama Lugano," akasema. "Mke wangu. Kwani amefanya nini?"

"Pesa ulizokuwa unaziona zikiingia kila wiki si za kampuni. Ni yeye alikuwa anatuma."

Akaniangalia kama nimesema Kichina. Akacheka kidogo. Akasema mkewe hajui habari za karata, na angetoa wapi. Nikamsomea jina mara ya pili na namba ya simu. Namba aliifahamu. Akavua kofia akaiweka magotini. Nilimwona anavyolifikia lile jambo, pole pole, kama mtu anayeshuka mtelemko wa utelezi, anashika hapa, anashika pale.

"Wiki mbili hizi hakutuma," akasema.

"Hakutuma."

"Amekwenda kikundini kutoa akiba yake. Wakamwambia imekwisha. Mimi nilimsikia analia, nikasani analilia mtoto." Akaigeuza kofia magotini. "Dada, hiyo ilikuwa ya kabuli. Alikuwa anaweka ya kabuli."

Nilitaka kumwambia neno la kumfariji, lakini Bi Sekela alitukataza kumwambia mteja asijali, kwa sababu anajali, na wewe ndiye usiyejali. Nikakaa naye tu. Nje watu walikuwa wanapita kwenda hospitali na chupa za chai.

Baadaye akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na bonasi yangu? Si bado ipo?"

Nikamweleza. Nilitumia Kinyakyusa, nikatumia na ng'ombe, lakini hapakuwa na namna ya kulisema likawa dogo. Bonasi ilifungwa alipoingia kwenye marejesho, na muda wa kuichukua ulishapita. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kijana wa pikipiki alimwambia hatapoteza kitu. Niliandika Dar siku ile ile, nikaandika na ya pili, na ya tatu nikapiga. Walinijibu kwa adabu, wakaninakilia kifungu cha masharti. Kifungu hicho nilikuwa nakijua kwa moyo.

Nilimwomba aje na mkewe, nikae nao wote wawili, nimweleze mama yeye akiwepo, maana bila ruhusa yake nisingeweza kufungua mdomo. Alikataa. Alisema, "Niachie mwenyewe. Nitamwambia nyumbani." Nikamwamini. Nadhani naye alijiamini, pale alipokuwa anasema.

Mwezi ukapita, au zaidi. Siku moja akaingia Mama Lugano. Safari hii alikaa bila kukaribishwa, uso umechangamka, amevaa kitenge cha kutokea. Nikasema moyoni, ameambiwa, ahsante Mungu, wamezungumza. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua na za magonjwa ya migomba. Akauliza kama mimi ni wa Kawetele kwa kina nani. Nikajibu. Mara nikatambua kwamba hayo ni mawili, na la tatu linakuja.

"Mkamu wangu," akasema, akiniita ndugu, "sikutaka kukusumbua. Ule ujumbe wa malejesho hauji tena kwenye simu ya mzee. Nimeangalia kila siku. Nikasema niulise, tumemalisa?"

Kwenye kikundi chao, mtu akimaliza marejesho anasimamishwa katikati, wenzake wanampigia makofi na vigelegele, mkopo wake unafungwa. Alikuwa amekuja kupigiwa makofi. Mzee hakuwa amemwambia. Alikuwa ameufunga tu ule mchezo, na ujumbe ukakoma, na mkewe akahesabu kwamba deni limekwisha.

Ninyi mnajua sheria yetu. Akaunti ya mtu ni ya mtu. Nilikuwa naangalia ile mikono yake, imepasuka kwa kuchuma chai, ameikunja mapajani anangoja. Nikatafuta neno ambalo si siri ya mteja na si uongo.

"Hamdaiwi chochote, mama," nikamwambia.

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli tangu siku ya kwanza alipoingia mlango ule. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama tunavyofanya kwetu kushukuru, akasema ndaga fijo, ndaga fijo. Alipotoka nilifunga mlango nikalia. Nawaambia ninyi kwa sababu mtakaa kwenye ile meza, na nisingependa mdhani kwamba machozi ya pale ni ya wateja peke yao.

Baada ya hapo nilifanya kazi mwaka na kitu. Niliandika Dar nikiwaomba wabadilishe yale maneno mawili. Nikaeleza marejesho ni nini kijijini na bonasi ni nini kwenye chai. Walinishukuru kwa maoni. Hadi naondoka maneno yalikuwa yale yale. Basi yatumieni, hamna mengine, ila mtu akitaja mojawapo muulizeni kwanza yeye analijua kwa maana gani, kisha ndipo mfungue kompyuta.

Mwezi uliopita nilikwenda Kyimo kwenye msiba wa jamaa. Narudi barabarani nikasikia naitwa. Ni Mama Lugano, amenitambua kwa mwendo. Hakukubali nipite. Akanipeleka kwake, akanipa maziwa ya mgando, akamwita mzee aliyekuwa shambani. Mzee akaja, tukasalimiana, akaketi mbali kidogo akiangalia chini. Mama akamwambia, si unamkumbuka dada huyu, yule wa ofisini Tukuyu, mtu mwema sana. Akanigeukia akasema kwamba mzee bado hajui kama mimi na yeye tunafahamiana, halafu akacheka, kwa sababu alikuwa ameshalisema. Mzee hakucheka. Wala mimi.

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa katikati ya migomba, udongo umefagiliwa, limezungushiwa mawe aliyoyaokota mtoni mwenyewe. Upande wa chini mvua ilikuwa imekula kidogo na jembe lilikuwa limeegemezwa hapo tayari. Tukasimama, tukaomba. Halafu akanikatia mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko ninavyoweza kubeba, akasema huo ni wa asante, maana siku ile nilipomwambia hawadaiwi ndiyo siku aliyolala usingizi. Niliupokea kwa mikono miwili. Ningeukataa kwa neno gani?

"Sasa deni limekwisha," akaniambia akiangalia kaburi, "tunaanza upya kuweka. Mzee anasema safari hii bonasi ikitoka, tunanunua saruji kwansa."

Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa amesimama penye kona ya nyumba, mkono umegusa mfuko wa shati ambamo simu ilikuwa inachungulia. Sikumuuliza ni bonasi ipi.